OBS kwenye OpenBSD: maiki bubu, kamera tupu na fremu zinazopotea

Nilirekodi somo zima la dakika 40. Skrini ilitoka safi, kamera safi, sauti hamna. Si kwamba ilikuwa ndogo, haikuwepo kabisa. Nikabadilisha maiki, nikabadilisha waya, nikaifuta OBS (programu ya kurekodi skrini na kurusha mubashara) na kuisakinisha upya, nikalala nimenuna. Kesho yake ndiyo nikajua hakuna kilichoharibika. OpenBSD, mfumo endeshi wa mashine yangu, ilikuwa inamnyima kila mtu sauti ya maiki, hata mimi mwenye mashine, kwa sababu sikuwa nimeiruhusu.

Tangu siku hiyo, OBS ikigoma kwenye mfumo huu sianzi kuhangaika na mipangilio ya OBS. Nashuka ngazi moja chini yake na kukijaribu kifaa kwa chombo kilichokuja na mfumo wenyewe: `aucat` kwa sauti, `video` kwa kamera, `glxinfo` kwa kadi ya picha. Kikigoma huko chini, basi OBS haina kosa na hakuna haja ya kuifuta. Kikifanya kazi, sasa una haki ya kuilaumu OBS.

Nachukulia unatumia mashine ya amd64, una `doas` (amri ya kutenda kama root, msimamizi wa mashine) iliyokwisha kupangwa, na unafanya kazi ndani ya X, mfumo wa madirisha.

Kifurushi hakisakinishiki

Umejaribu kuisakinisha OBS kwa `doas pkg_add`, ukajibiwa kwamba maktaba fulani haipo, kwa mfano ile ya `c` yenye namba usiyokuwa nayo. Hapo mfumo wako na vifurushi haviendi sambamba. Mara nyingi ni kwa watu wanaotumia snapshot, yaani toleo ambalo bado linatengenezwa: mfumo ni wa wiki tatu zilizopita, vifurushi ni vya jana. Endesha `doas sysupgrade -s`, mashine ikiwaka tena piga `doas pkg_add -u`, kisha rudia. Usitengeneze symlink (jina la mkato) ya maktaba ili kuidanganya programu. Itafunguka, halafu itakuangusha katikati ya matangazo.

Mita ya maiki imelala, haichezi

Hili ndilo linalowasumbua wengi. Funga OBS kwanza, fungua terminali, uongee huku ukiandika hivi:

```
aucat -o jaribio.wav
```

Subiri sekunde tano, bonyeza Ctrl-C, halafu usiisikilize hiyo faili. Itazame:

```
hexdump -C jaribio.wav | head -20
```

Mistari ya mwanzo ni kichwa cha faili, achana nayo. Angalia inayofuata. Ukikuta mstari mmoja wa `00 00 00 00` mwanzo hadi mwisho, chini yake nyota moja `*`, halafu faili imekwisha, jibu unalo. Nyota hiyo maana yake ni "mistari yote iliyofuata ni ileile". Maiki halisi haiwezi kutoa sifuri tupu hata chumba kikiwa kimya kama kaburini, kwani umeme wa ndani yake tu unatosha kuleta `02 00`, `ff ff`, `01 00` na takataka nyingine ndogondogo. Sifuri tupu zinatoka kwenye kerneli, kiini cha mfumo. Tangu toleo la 6.4 la mwaka 2018, OpenBSD hutoa ukimya badala ya sauti ya maiki mpaka mwenye mashine aseme vinginevyo:

```
doas sysctl kern.audio.record=1
```

Ili mpangilio huo ubaki hata ukizima mashine, ongeza `kern.audio.record=1` kwenye `/etc/sysctl.conf`. Mimi binafsi sijaiweka humo. Naiwasha kabla ya kurekodi, naizima nikimaliza, kwa skripti ya mistari miwili. Kama kero ni kuandika amri moja kwa siku, naivumilia.

Sasa, kama badala ya sifuri umekuta takataka ndogondogo zisizobadilika hata ukipiga kelele, kerneli inakupa sauti lakini si ya maiki unayoidhania, au kiwango chake kiko chini mno. Endesha `sndioctl` uone kama kuna mstari wa `input.mute` au `input.level`. Kama haipo, `doas mixerctl -v | grep record` itakuonyesha swichi za kadi yenyewe. Majina yanatofautiana kati ya laptopu na laptopu, kwa hiyo usinakili amri ya mtu mwingine ukitegemea ifanye kazi kwako.

Na kama `aucat` imekataa kabisa kufungua kifaa, kuna sababu mbili ninazokutana nazo. Ya kwanza ni HDMI. Kwenye laptopu nyingi, hasa za AMD, kadi ya sauti ya kwanza kuonekana ni ile ya HDMI, na HDMI haina maiki. Maiki iko kwenye kadi ya pili. Piga `dmesg | grep audio` uzihesabu, kisha umwelekeze `sndiod`, ile programu ya nyuma inayogawa sauti, kwenye kadi sahihi:

```
doas rcctl set sndiod flags -f rsnd/1
doas rcctl restart sndiod
```

Ya pili inachekesha kidogo. `sndiod` humhudumia mtumiaji mmoja kwa wakati mmoja, na humtambua kwa faili ya `~/.sndio/cookie`. Kama uliacha kichezeshi cha muziki kikiendelea chini ya jina lingine, kwa mfano ulikifungua kama root, huyo ameshikilia mlango. Mfunge, utaingia. Hii ni sababu mojawapo ya kutowahi kuendesha OBS kwa `doas`. Hutatatua tatizo la ruhusa kwa njia hiyo, utaongeza la pili.

`aucat` ikishakubali, ndani ya OBS tumia chanzo cha sauti cha sndio, mfumo wa sauti wa OpenBSD. Usitafute PulseAudio wala ALSA za Linux, kwani sauti ya mfumo huu haipiti huko. Viwango vya sampuli vilingane pia: `sndiod` huenda na 48000 kwa sekunde isipopangwa vingine, nawe weka 48 kHz kwenye mipangilio ya sauti ya OBS.

Maiki inasikika, lakini sauti ya kompyuta haiingii

Unaonyesha mchezo au video, wewe unaisikia kwenye spika, watazamaji hawaisikii. Hakuna hitilafu hapo. Kwenye sndio hakuna mtu anayerekodi kinachochezwa mpaka umtengenezee njia:

```
doas rcctl set sndiod flags -s default -m play,mon -s mon
doas rcctl restart sndiod
```

Kama ulishaweka `-f rsnd/1` pale juu, iandike tena mwanzoni mwa flags, maana `rcctl set` hufuta zilizokuwepo. Kisha ongeza chanzo cha pili cha sndio ndani ya OBS, na kwenye sehemu ya kifaa andika `snd/mon`. Ijaribu kwanza kwa `aucat -f snd/mon -o mfumo.wav` huku muziki ukipigwa.

Kamera haionekani, au inaonekana tupu

Kamera ina vikwazo vitatu, na mtu akivuka kimoja hudhani amemaliza.

Cha kwanza ni ruhusa. `ls -l /dev/video0` itakuonyesha kifaa ni mali ya root peke yake. `doas chown $USER /dev/video0` inatosha kwa leo. Ukipandisha toleo, umiliki hurudi kwa root, kwa hiyo andika mstari wa `chown` wenye jina lako kwenye `/etc/rc.local` usisumbuke tena.

Cha pili ni ndugu wa kile cha maiki: `doas sysctl kern.video.record=1`. Bila hiyo, kamera itafunguka vizuri, taa yake itawaka, lakini picha ni sifuri tupu. Hapa kuna alama nzuri ya kuitambua: kama dirisha ni kijani kitupu, si jeusi, ni data ya YUV (namna ya kuandika rangi za video) iliyojaa sifuri. Sifuri za YUV zikigeuzwa kuwa rangi huzaa kijani. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani kioo cha kamera kimekufa.

Cha tatu ni mtu mwingine aliyeishika. Kivinjari kikiwa na mkutano uliousahau kwenye tabu ya tisa, OBS itaambiwa kifaa kina kazi. `fstat /dev/video0` itakutajia jina la programu iliyokishika.

Chombo cha kupimia ni `video`. Ukiiendesha peke yake inafungua dirisha la kamera. Ukiweka `video -q` inaorodhesha ukubwa na miundo ambayo kamera inaikubali. Soma orodha hiyo kwa makini ukiwa na malalamiko kwamba picha inakwenda kwa kudunda. Hesabu ni rahisi: picha ya 1280 kwa 720 kwa muundo wa YUYV hula baiti 2 kwa kila nukta, yaani baiti 1,843,200 kwa fremu. Zidisha kwa 30 unapata baiti milioni 55 kwa sekunde, karibu megabiti 442. USB 2.0 yote ni megabiti 480, na si zote zinazotumika kubebea data. Ndiyo maana kamera nyingi zenyewe hukupa fremu 10 tu kwa ukubwa huo. Chagua MJPEG, muundo uliobanwa, kwenye orodha ya muundo, au shuka hadi 640 kwa 480. Kamera isiyofuata UVC, kanuni ya pamoja ya kamera za USB, haitaonekana hata kidogo, kwa sababu draiva ya `uvideo` inajua UVC tu. Hapo tafuta kamera nyingine.

OBS inafunguka na kulalamika kwamba kadi ya picha haifai

OBS inahitaji OpenGL 3.3, njia ya programu kuchora kwa kadi ya picha. Piga `glxinfo | grep -i renderer`. Ukisoma `llvmpipe`, prosesa ndiyo inayochora kila kitu, na hata OBS ikikubali kufunguka utajuta. Mara nyingi ni firmware (programu ndogo ya ndani ya kadi) iliyokosekana siku ya kusakinisha kwa sababu mtandao haukuwepo. Endesha `doas fw_update`, washa upya. Kama firmware ipo, angalia mmiliki wa `/dev/dri/card0`: xenodm, programu ya skrini ya kuingilia, humpa aliyeingia kupitia skrini yake. Ukiifungua OBS kupitia ssh au kwa jina la mtumiaji mwingine, huna haki hiyo.

Wenye kadi za NVIDIA, poleni. Draiva ya kampuni haipo kwenye OpenBSD, na NVENC, kisimbaji video cha kadi hizo, haipo pamoja nayo.

Skrini inaonekana, dirisha moja limeganda

Ukichagua kunasa dirisha moja, X hutoa picha ya dirisha lililo wazi tu. Kwenye cwm, kipanga madirisha cha OpenBSD, ukilificha kundi la madirisha, X huliondoa kabisa kwenye skrini, na OBS hubaki imeshikilia fremu ya mwisho. Mwanafunzi wangu mmoja aliangalia ukurasa uleule kwa dakika sita akidhani natafakari. Nasa skrini nzima, au usilifiche dirisha.

Skrini nzima nayo ikikataa au ikiwa nyeusi, hasa ukiwa na skrini mbili na matukio (scenes za OBS) mengi, tazama kumbukumbu ya pamoja: `sysctl kern.shminfo`. Skrini ya 1920 kwa 1080 huchukua baiti 8,294,400 kila inaponaswa, na `shmall` huhesabiwa kwa kurasa za baiti 4096. Piga hesabu ya skrini zako, linganisha, kisha ongeza `kern.shminfo.shmall` na `kern.shminfo.shmmax` ikibidi.

Fremu zinapotea

Usiguse chochote mpaka ufungue menyu ya View na kuchagua Stats. Humo kuna hesabu tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ikipanda ile ya kuchelewa kuchora, tatizo ni kadi ya picha: rudi kwenye `glxinfo`, au punguza vyanzo vilivyorundikana kwenye tukio moja.

Ikipanda ile ya kuchelewa kusimba video (encoding), prosesa imezidiwa. Piga `sysctl hw.ncpu hw.ncpuonline`. Ukiona 4 na 2, usishtuke. OpenBSD huzima nyuzi pacha za prosesa tangu 6.4 kwa sababu za usalama, kwa hiyo laptopu uliyonunua ukiambiwa ina nyuzi nne inakupa mbili. Unaweza kuziwasha kwa `hw.smt=1`. Sikushauri uanzie hapo. Anza kwa kushusha ukubwa wa kutoa hadi 1280 kwa 720, fremu 30, na preset ya x264, kisimbaji video, kutoka `veryfast` kwenda `superfast`. Kisha `apm -H` ili prosesa isisinzie. Kwenye ThinkPad yangu ya zamani hayo matatu yaliimaliza kazi, na `hw.smt` iko sifuri hadi leo. Kama diski yako yote imefungwa kwa siri (encryption) na prosesa ni ya zamani isiyo na AES-NI, maelekezo ya kuharakisha kazi hiyo, kumbuka kwamba kila baiti unayorekodi inapita tena kwenye prosesa hiyohiyo ili ifichwe.

Ikipanda ya tatu, ile ya mtandao, OpenBSD haihusiki. Ile 2500 ya bitrate ndani ya OBS ni kilobiti kwa sekunde, yaani kilobaiti 312 hivi kila sekunde, na kwa saa moja ni karibu GB 1.1 kabla hujahesabu sauti. Anayerusha mubashara kwa bando la simu apime kasi ya kupandisha, si ya kushusha, tena saa ileile atakayorusha. Saa mbili usiku si sawa na saa nne asubuhi.

OBS inakufa ghafla

Kama imekufa baada ya muda na kuacha `obs.core`, tazama `ulimit -d`. Kila mtumiaji yuko kwenye daraja (login class) lenye kikomo cha kumbukumbu, bila kujali una RAM kiasi gani. `doas usermod -L staff jina_lako` humhamisha kwenye daraja lenye kikomo cha juu kikubwa zaidi, na viwango vyenyewe viko `/etc/login.conf`. Toka kabisa kwenye X na kuingia upya. Kufungua terminali nyingine hakutoshi, na hapo ndipo watu husema "nimejaribu, haikusaidia".

Rekodi kwa MKV, usirekodi kwa MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika, MKV hubaki na kila kilichokwisha kuandikwa diskini, MP4 hubaki faili isiyofunguka. Baadaye OBS yenyewe itaigeuza kuwa MP4 bila kusimba upya.

Usivyopaswa kuvitafuta

Kamera ya kubuni inategemea v4l2loopback, moduli ya kerneli ya Linux, kwa hiyo haipo. Chanzo cha kivinjari kinategemea CEF, Chromium ya kupachikwa ndani ya programu nyingine, nacho hakipo. Ukitaka gumzo la watazamaji lionekane, fungua dirisha la Chromium na ulinase. Nimeona watu wakipoteza siku mbili wakitafuta swichi ya vitu hivi.

Ukiamua kuikompaili mwenyewe

Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo utakapojua ni kiasi gani cha OBS kiliandikwa kwa kudhani dunia nzima ni Linux.

Kabla ya kuandika pachi yoyote, soma folda ya `patches` ndani ya port ya OBS (maelekezo ya OpenBSD ya kuikompaili), chini ya `/usr/ports`. Wenzako walishapita. Kosa mojawapo unaloweza kukutana nalo ukianza na msimbo mtupu ni `linux/videodev2.h` kutopatikana. OpenBSD inazungumza V4L2 ileile, lugha ya programu na kamera, ila kichwa chake kinaitwa `sys/videoio.h`. Jina la uzi wa programu huwekwa kwa `pthread_set_name_np`, ndani ya `pthread_np.h`, si lile jina la Linux linalofanana nalo. `/proc` haipo, kwa hiyo kila mahali panaposoma `/proc/self/exe` patarudi mikono mitupu. udev, kitambua vifaa cha Linux, haipo. Zima `ENABLE_UDEV`, `ENABLE_PULSEAUDIO`, `ENABLE_ALSA`, `ENABLE_PIPEWIRE` na `ENABLE_BROWSER`, washa `ENABLE_SNDIO`.

Imekompailika, inafunguka, inasema kadi ya picha haifai, lakini `glxinfo` iko sawa? Angalia jina la maktaba inayopakiwa wakati wa kuanza. Linux huita maktaba kwa mwisho wa `.so.0`. OpenBSD huzipa namba mbili, `.so.X.Y`, na haiweki symlink ya namba moja. Kata mkia, acha `libobs-opengl.so` peke yake, na mfumo utaichagua yenye namba kubwa. Nilikesha usiku mzima kwa herufi mbili hizo, nukta na sifuri.

Halafu kuna vifo vya ghafla vinavyotegemea prosesa. Ikifa kwa `Illegal instruction` kwenye mashine mpya na kuishi kwenye ya zamani, shuku asembli (msimbo ulioandikwa kwa lugha ya prosesa) ya x264 au FFmpeg, maktaba ya video, uliyokompaili mwenyewe. Tangu 7.4, mruko usio wa moja kwa moja ukitua mahali pasipo na `endbr64`, alama ya mahali panaporuhusiwa kutua, prosesa yenye ulinzi wa IBT huiua programu papo hapo. Ikifa kwa `Segmentation fault` ndani ya asembli inayosoma jedwali lililowekwa katikati ya msimbo, hilo ni zuio la 7.3 la kusoma kurasa za kutekeleza. Na `dmesg` ikiandika `W^X violation`, kuna kipande kinachotaka kumbukumbu ya kuandika na kutekeleza kwa pamoja. Binari yenye alama ya `wxneeded` huruhusiwa hilo, lakini tu ikiwa kwenye sehemu ya diski iliyounganishwa (mount) kwa chaguo la `wxallowed`, ambayo kwa kawaida ni `/usr/local`. Ukiiendesha kutoka `/home` itakataliwa kila siku, na ukiihamishia `/usr/local/bin` bila kubadilisha hata biti moja, itafunguka.